Bei Ilishuka Mara Tatu: Kisa cha Vyumba Viwili vya Meli kutoka Galveston

Familia ya kisa hiki ni ya Watanzania wanaoishi Houston, Texas: baba, mama, binti wa miaka kumi na minne, mvulana wa miaka tisa, kitindamimba wa miaka minne, na bibi mzaa baba ambaye makazi yake ni Tanga. Mwezi Aprili 2024 walinunua safari ya siku saba ya meli ya kitalii kutoka bandari ya Galveston, iliyo kiasi cha kilomita 80 kusini-mashariki mwa Houston, kwenda bandari za Meksiko na Honduras na kurudi. Meli ilipangiwa kung'oa nanga katikati ya Juni 2025, yaani miezi kumi na minne baadaye. Ndani ya miezi hiyo bei ya vyumba vyao ilishuka mara tatu. Mara ya kwanza hawakuiona, mara ya pili walidai wakapata dola 400 ambazo nusura ziyeyuke zote, na mara ya tatu walipewa kitu ambacho si fedha. Niliombwa kuupitia mkataba wao baada ya mara ya pili, nikaendelea nao hadi waliporudi. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu masharti ya aina hii yapo katika kampuni nyingi zinazouza safari za meli Marekani, kwa tofauti ndogondogo.

Walichonunua

Kampuni iliwawekea mezani nauli mbili za chumba kilekile chenye roshani. Nauli ya kawaida ilikuwa dola 1,010 kwa kila mmoja wa abiria wawili wa kwanza wa chumba, na arubuni yake ilirudishwa yote kwa mteja aliyeghairi kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho. Nauli ya kuwahi ilikuwa dola 940. Arubuni yake, dola 250 kwa kila abiria, hairudi, lakini nauli hiyo ilifungamana na ahadi ambayo nauli ya kawaida haikuwa nayo: bei ya daraja lilelile la chumba katika safari ileile ikishuka wakati wowote hadi siku mbili kabla ya kuondoka, mteja akidai, atapewa tofauti. Ahadi hiyo ndiyo ulinzi wa bei. Neno la kushikilia hapo ni "akidai", kwani kampuni haimtafuti mtu kumwambia kwamba bei yake imeshuka.

Abiria wa tatu wa chumba alilipa dola 410 katika nauli zote mbili. Juu yake kulikuwa na kodi na tozo za bandari, dola 165 kwa kila kichwa, na hapo mtoto wa miaka minne alihesabiwa sawa na bibi yake. Walichukua vyumba viwili vilivyopakana. Cha kwanza kilikuwa cha baba, mama na kitindamimba. Cha pili cha bibi, binti na mvulana. Mpangilio huo haukuwa wa hiari kabisa. Kampuni nyingi zinazoanzia safari zake Marekani haziruhusu abiria wa chini ya miaka 21 kukaa chumba chake bila mtu mzima, isipokuwa wazazi wakiwa chumba cha jirani. Vyumba vya watu watano au sita navyo ni vichache mno katika meli yoyote, na huisha mapema kuliko vingine vyote.

Kila chumba kiligharimu dola 2,290 za nauli: mara mbili 940, na 410 za abiria wa tatu. Vyumba viwili vikawa dola 4,580, na kodi na tozo za watu sita dola 990, jumla dola 5,570. Bakshishi ya wahudumu, dola 17 kwa kila mtu kwa siku, waliamua kuilipia melini badala ya kuilipa mapema. Uamuzi huo ulifanywa kwa sababu tu siku ile fedha zilikuwa zimebana, lakini uliwafaa baadaye.

Inafaa kusimama kidogo kwenye jambo moja, maana bila hilo hesabu zinazofuata hazieleweki. Meli ya kitalii haiuzi nafasi kwa mtu kama basi linavyouza viti. Inauza chumba, na chumba kinahesabiwa kuwa cha watu wawili. Ndiyo maana meli Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, hutajwa kuwa na nafasi 5,610 kwa hesabu ya wawili kwa chumba, ilhali uwezo wake wa juu ni abiria 7,600. Wale karibu elfu mbili wa ziada ni abiria wa tatu na wa nne wa vyumba, na wengi wao ni watoto. Aliyelala peke yake katika chumba cha wawili kwa kawaida hulipa kama wawili, na yule wa tatu hulipa kiasi chochote ambacho kampuni imeona kitaileta familia. Kwa hiyo nauli ya mtu inategemea ni wa ngapi kwenye orodha ya chumba. Umri wake haubadilishi kitu.

Vitanda hivyo vya tatu na vya nne vina kikomo kingine kisichoonekana kwenye matangazo. Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini, ambazo mkataba wake wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, zinataka kila aliye melini awe na nafasi katika mashua au chelezo cha kuokolea. Abiria wa sehemu fulani ya meli wamepangiwa kituo chao cha kukusanyikia, na idadi ya kituo ikijaa, kampuni huacha kuuza kitanda cha tatu katika vyumba vya upande huo hata kama vyumba vyenyewe vipo wazi. Familia inayochelewa hukutana na hali hii bila kuijua: wawili wanapata chumba, watatu wanaambiwa kimejaa.

Mara ya kwanza: bei iliyoshuka ikionekana imepanda

Mama ndiye aliyechukua jukumu la kufuatilia bei, akiangalia kila Jumapili jioni na kuandika kwenye daftari. Mwezi Oktoba 2024 aliona bei ya daraja lao ikitangazwa kuwa dola 1,055 kwa mtu. Akaandika kwamba imepanda kwa dola 115, akafurahi kuwa waliwahi.

Bei ilikuwa imeshuka. Tarehe 1 Julai 2024 ilianza kutumika sheria ya California inayokataza kutangaza bei isiyojumuisha tozo za lazima, na kampuni kubwa za meli za kitalii ziliamua kuifuata katika matangazo yao ya Marekani nzima badala ya kuwa na bei mbili za kutangaza. Bei ya Aprili ambayo mama aliinakili, dola 940, ilikuwa nauli tupu. Ile ya Oktoba ilikuwa na kodi na tozo za bandari ndani yake. Ukiondoa 165 kwenye 1,055 unabaki na 890, yaani dola 50 chini ya walicholipa. Simlaumu, kwani hata wakala wao wa safari alihitaji kufungua ukurasa wa mchanganuo ndipo aone.

Hata hivyo punguzo halikuwa dola 50 mara nne. Bei inayotangazwa ni ya abiria wawili wa kwanza, na katika siku hizohizo nauli ya abiria wa tatu ilikuwa imepandishwa kutoka 410 hadi 450. Madai ya ulinzi wa bei hupimwa kwa chumba kizima, kwa hiyo kila chumba kingepungua kwa dola 60, na vyote viwili kwa 120. Bei ile ilikaa siku tisa tu, ikaondoka.

Mara ya pili: watoto bure

Kuanzia Januari hadi Machi makampuni ya meli za kitalii huwa katika msimu wao mkubwa wa mauzo, ambao wenyewe huuita msimu wa mawimbi. Katikati ya Januari 2025 kampuni ilitangaza kwamba abiria wa tatu na wa nne wanasafiri bure, na bei ya wawili wa kwanza ilikuwa dola 1,210. Safari hii mama alikwishaelekezwa kuondoa kodi na tozo kwanza. Alibaki na dola 1,045, kiasi kilicho juu ya 940 zake, akataka kufunga daftari.

Lakini chumba chao kina watu watatu. Mara mbili 1,045 ni 2,090, na wa tatu ni sifuri. Wao walikuwa wanadaiwa 2,290. Chumba kilekile, ambacho bei yake ya kutangazwa ilikuwa imepanda kwa dola 105 kwa mtu, kilikuwa kimeshuka kwa dola 200. Mzazi anayesoma tangazo kwa haraka atadhani neno "bure" linamhusu mtoto wake peke yake, na mwenye mashaka atadhani ni hila tupu kwa sababu bei ya wakubwa imepandishwa. Wote wawili wamekosea mpaka wapige hesabu ya chumba. Kwa mke na mume wasio na mtoto, bei ile ilikuwa mbaya kuliko ya Aprili. Kwa chumba cha watu watatu ilikuwa nafuu, na kwa cha wanne ingekuwa nafuu zaidi.

Mama alituma madai. Yalikataliwa kwa maelezo kwamba ofa ile ni nauli ya namna nyingine. Mkataba wao, hata hivyo, ulisema ulinzi unahusu nauli yoyote iliyotangazwa kwa umma na kampuni yenyewe, tofauti na bei za vikundi, za wafanyakazi au za wakala fulani. Alituma tena akiambatisha kifungu hicho na picha ya ukurasa wa bei yenye tarehe, na siku ya tatu dola 400 ziliondolewa kwenye deni lao. Kwa kuwa tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo kwa safari yao ilikuwa siku 90 kabla ya kuondoka, haikuwa imefika, punguzo hilo lilikuwa fedha halisi: walichokuwa bado hawajalipa kilipungua.

Kwa bahati ile fursa waliyoikosa Oktoba haikuwagharimu kitu, maana chumba cha Januari cha dola 2,090 kilikuwa chini ya kile cha Oktoba cha dola 2,230. Bei isingeshuka tena, dola 120 zingekuwa zimekwenda.

Bibi anaondoka kwenye orodha

Walipopanga safari mwaka 2024, bibi alitarajiwa kuja Mei 2025. Alikuja mapema, Novemba 2024, ili amsaidie mkwewe aliyekuwa anatoka kwenye upasuaji, na alipoingia aliruhusiwa kukaa miezi sita kama ilivyo kawaida kwa wageni wa matembezi. Miezi sita kutoka Novemba inaishia Mei. Meli ilikuwa ya Juni. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa wazi tangu siku aliyotua, lakini hakuna aliyeliweka kando ya karatasi za meli hadi Februari, bibi mwenyewe aliposema haombi kuongezewa muda: "Mwanangu, bahari ninayo nyumbani. Nirudisheni kabla mvua hazijamaliza shamba."

Familia iliona jambo rahisi. Bibi akiondolewa, nauli yake itaondoka naye. Walitarajia deni lipungue kwa dola 1,045 pamoja na kodi na tozo zake. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba litapungua kwa dola 165, basi.

Hapa ndipo nilipoitwa, na hapa ndipo kisa kilipo. Bibi akitoka katika chumba cha pili, binti anakuwa abiria wa kwanza na mvulana, aliyekuwa wa tatu na wa bure, anapanda kuwa wa pili. Chumba kinabaki mara mbili 1,045, yaani 2,090 zilezile. Nauli iliyofutika ni ile ya nafasi ya tatu, na nafasi ya tatu tangu Januari ilikuwa sifuri. Laiti wangebaki na nauli yao ya Aprili, kuondoka kwa bibi kungefuta dola 410, na chumba cha pili kingekuwa dola 1,880. Weka sasa vyumba vyote viwili pamoja. Bila madai ya Januari na bila bibi, wangelipa 2,290 na 1,880, jumla 4,170. Kwa madai ya Januari na bila bibi, walikuwa wanadaiwa 4,180. Ushindi wa dola 400 ulikuwa umegeuka hasara ya dola 10, na nauli ya zamani haikuweza kurudishwa, kwa sababu chumba kikishapewa nauli mpya ile ya kwanza hufutwa.

Sisemi madai yalikuwa makosa. Kwa watu sita yalikuwa sahihi kabisa. Kosa, kama lazima litajwe, ni kubadili muundo wa nauli bila kuuliza kwanza kama watu sita watabaki kuwa sita. Nauli ya "watoto bure" inahamishia uzito wote kwa wawili wa kwanza, na familia ambayo mmoja wao ana shaka ya kusafiri, iwe kwa viza, ujauzito au kazi, inapaswa kupiga hesabu mbili kabla ya kudai: moja ya chumba kikiwa kimejaa, nyingine ya chumba kikiwa pungufu kwa mtu mmoja.

Ilibaki arubuni ya bibi. Kwa sharti la nauli ya kuwahi, dola 50 zingekatwa kuwa ada na dola 200 zingewekwa kwa jina lake kama hati ya safari ya baadaye, yenye mwisho wa kutumika na isiyohamishika kwa mtu mwingine. Dola mia mbili za meli ya Texas kwa jina la bibi wa Tanga anayetaka kurudi shambani ni sawa na kuzihesabu zimepotea.

Wakala, ambaye hadi hapo sikuwa nimemwona akifanya kazi kubwa, ndiye aliyeikomboa hali. Mkataba uliruhusu kubadilisha jina la abiria kabla ya malipo ya mwisho kwa ada ya dola 50, mradi angalau mmoja wa abiria wa awali abaki katika chumba. Kwa kuwa nauli ya chumba cha pili ilikuwa 2,090 iwe kina watu wawili au watatu, mtu atakayeshika nafasi ya bibi angegharimu kodi na tozo dola 165, ada dola 50, na bakshishi ya siku saba dola 119. Jumla dola 334, na arubuni ya bibi ingebaki ndani ya chumba ikiendelea kuhesabiwa. Kumfuta bibi bila kuweka mtu kulikuwa kunawapotezea 250. Kwa tofauti ya dola 84, mtu mzima mmoja angeweza kupanda meli, na watoto wasingelala peke yao.

Mdogo wake mama, anayeishi Dallas, aliombwa Jumamosi na akakubali Jumapili. Jina lilibadilishwa mwanzoni mwa Machi, chini ya wiki mbili kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho. Baada ya tarehe hiyo mlango huo ungefungwa nusu na adhabu za kughairi zingeanza kupanda kwa ngazi, kutoka arubuni hadi sehemu ya nauli, na kufikia nauli yote katika wiki za mwisho.

Mara ya tatu: salio la melini

Mwezi Mei, walipokwisha kulipa yote, bei ilishuka tena: dola 1,130 za kutangazwa, yaani 965 za nauli, na wa tatu bado bure. Chumba kikawa 1,930, pungufu ya dola 160 kwa walicholipa. Madai yalikubaliwa bila ubishi, lakini malipo yake yalikuwa salio la kutumia melini, dola 320 kwa vyumba viwili, na kisichotumika hakirudishwi. Kampuni ina sababu ya kupenda njia hii. Salio linatumika kwa bei za melini, kwenye matembezi ya bandarini, picha na vinywaji, na kila dola ya salio humgharimu mtoaji chini ya dola moja.

Mama alikuwa amekwisha kuanza kuchagua matembezi ya Cozumel, kisiwa cha Meksiko. Nilimshauri aangalie kwanza bakshishi. Watu sita kwa dola 119 ni dola 714, na kwa kuwa hawakuzilipa mapema, zingeingia katika hesabu ya melini ambako salio hupunguza deni lolote. Matumizi ambayo yangekuwepo kwa vyovyote vile ndiyo yanayoligeuza salio kuwa fedha. Aliyekwisha lipia bakshishi nyumbani analazimika kutafuta kitu cha kununua.

Jirani mmoja aliwauliza kama isingekuwa busara kusubiri tu hadi Mei. Kwa nauli peke yake ana hoja. Vyumba viwili kwa bei ya Mei ni dola 3,860, nao walilipa 4,180 wakarudishiwa 320 za salio, kiasi kilekile, ukiacha ada ya dola 50. Na huyo aliyesubiri hakuweka arubuni yoyote hatarini kwa mwaka mzima. Nilimwomba wakala aangalie Mei ile ile. Katika daraja lao vilikuwa vimebaki vyumba viwili tu vya kulaza watu watatu, kimoja upande wa kulia wa meli na kingine wa kushoto. Mvulana wa miaka tisa na mama mdogo wa kuazimwa ng'ambo moja, wazazi na kitindamimba ng'ambo nyingine, korido mbili katikati. Kuna familia ambazo hilo haliwasumbui, na kwao kusubiri ni chaguo halali. Kwa hii, vyumba vilivyopakana ndivyo walivyonunua Aprili 2024, na ulinzi wa bei ulihakikisha tu kwamba havikuwagharimu zaidi ya vya waliochelewa.

Asubuhi ya mwisho karatasi ya hesabu ilipochapishwa, bakshishi ilisomeka dola 714, salio likaondoa 320, na baba akalipa dola 394 pamoja na aiskrimu ambazo hakuna mtoto aliyekiri kuziagiza.